Jibu kwa mwalimu wa Muheza: utajuaje kwamba msitu wa asili unabadilika

Swali: "Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari wilayani Muheza. Kila mwaka huwapeleka wanafunzi wangu Amani kuutazama msitu wa asili. Kila tunapofika tunaukuta umefunga, umejaa kijani na maji yanatiririka, lakini wazee wa huko hutuambia kwamba huu si msitu walioukuta wao utotoni. Hatuna vifaa vya maabara. Tutazame nini, na tuandike nini, ili tujue kama msitu unabadilika kweli?"

Mwalimu, ahsante kwa swali lako. Naomba wanafunzi wako walishike jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni kwamba kijani cha msitu hakikuelezi hali yake. Miti mikubwa unayoiona leo Amani iliota zamani sana, katika mazingira ya wakati huo, na itaendelea kusimama na kutoa majani hata kama yale yaliyoiwezesha kuota na kukua yamekwisha kukoma. Mabadiliko huanza chini, kati ya kifundo cha mguu na kiuno cha mtu, penye maotea, yaani miche iliyojiotea yenyewe, na miti michanga, na hapo ndipo macho ya wageni wengi hayafiki kwa kuwa yamevutwa na vilele vya miti. Kwa hiyo karibu kila nitakalokueleza linazunguka swali ambalo mwanafunzi anaweza kulijibu kwa macho na kalamu: chini ya miti hii mikubwa, ni miti gani inayokua ili kushika nafasi yake?

Ushahidi wa jambo hili umetoka hukohuko kwenye milima ya Usambara Mashariki, iliko Amani. Mwaka 2003 watafiti Norbert Cordeiro na Henry Howe walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya Leptonychia usambarensis, mti mdogo wa tabaka la chini ambao mbegu zake huliwa na kusambazwa na ndege. Katika msitu mpana ndege huzichukua mbegu hizo na kuziangusha mbali na mti uliozizaa. Katika vipande vya msitu vilivyotengwa na mashamba, ndege hao ni wachache, mbegu nyingi hubaki zilipoangukia chini ya mama yao, na maotea yanayofanikiwa ni machache. Msafiri anayepita katika kipande kama hicho huiona miti ya Leptonychia ikiwa na majani na matunda, naye huondoka akiamini kwamba yote ni salama, ilhali kiungo kati ya mti na ndege kimekatika. Mtafiti William Newmark naye amekuwa akiwanasa ndege wa tabaka la chini kwa nyavu, kuwavisha pete na kuwaachia katika misitu ya Usambara tangu miaka ya 1980, na kazi yake imeonyesha jinsi aina nyingi za ndege hao zinavyopungua katika vipande vidogo. Ndege hawa wamezoea kivuli, na wengi wao hawathubutu kuvuka hata uwazi mwembamba wa shamba la chai.

Kabla ya kupima chochote, mnapaswa kujua mmesimama juu ya ardhi ya namna gani, kwa sababu Amani si msitu usioguswa. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa biolojia na kilimo pale mwaka 1902, wakaleta mimea kutoka pande nyingi za dunia, wakaipanda katika bustani na katika viwanja vya majaribio vilivyoteremka hadi Sigi. Reli ndogo kutoka Tengeni hadi Sigi ilijengwa katika enzi hizo. Katika miaka ya 1970 na sehemu ya miaka ya 1980, magogo yalivunwa kwa mitambo katika misitu ya juu, na uvunaji huo ulisimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 baada ya hoja nzito za wanasayansi na wahifadhi. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania, na ina ukubwa wa zaidi ya hekta 8,000. Maana yake ni kwamba njia moja mnayoipita asubuhi inaweza kuwavusha katika kiwanja cha majaribio cha zamani, kisha katika eneo lililovunwa kwa mitambo, kisha katika sehemu ambayo mitambo haikufika. Mkichanganya maeneo hayo matatu katika daftari moja, tofauti mtakazoziona zitakuwa za historia ya mahali, nanyi mtadhani ni mabadiliko ya wakati. Miti iliyosimama kwa mistari, yenye unene unaolingana na ya aina moja, ni dalili ya kiwanja kilichopandwa hata kama vichaka vimekwisha kuifunika. Mwongozaji wa hifadhi huzijua sehemu hizi, na swali la kwanza la kumuuliza kila mnaposimama ni hilo: hapa palikuwa nini?

Sasa nije kwenye mti ambao ndio kisa kikubwa cha Amani, Maesopsis eminii. Waganda wanaujua kama musizi, na kwao ni mti wa asili, kama ulivyo wa asili katika msitu wa Kakamega nchini Kenya na upande wa Bukoba. Usambara haukuwapo. Uliletwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa majaribio, ukapandwa tena kwa wingi zaidi baadaye, na uvunaji wa mitambo ulipofungua vilele vya msitu ukapata kile ulichokuwa ukikihitaji, yaani mwanga. Hukua haraka mno, mbao zake ni laini, na matunda yake yanayogeuka zambarau iliyokoza yanapoiva hupendwa na hondohondo, ndege wakubwa wenye mdomo mzito wanaoruka mbali na kuangusha mbegu popote wanapotua. Kwa hiyo mti huu mgeni ulipata msambazaji mwenyeji aliye hodari kuliko mwanadamu, na ndani ya miongo michache ukawa miongoni mwa miti inayoonekana zaidi katika sehemu zilizovunwa. Utautambua kwa shina lililonyooka, gome la rangi ya kijivu lenye mifereji mirefu ya wima, na majani yenye meno madogo kingoni.

Nakuomba uwafundishe wanafunzi kuuangalia mti huu kwa makini kuliko mwingine wowote, na pia uwaonye wasikimbilie hukumu. Chini ya Maesopsis mkubwa anayezaa mnaweza kukuta maotea yake yametanda ardhini kwa wingi wa kutisha. Wingi huo peke yake hauna uzito, kwa sababu mche wa Maesopsis hauvumilii kivuli kwa muda mrefu, na mengi ya maotea hayo hufa kabla ya kufika magotini. Lenye uzito ni kile kilicho juu ya goti na juu ya kiuno. Mkikuta kwamba chini ya Maesopsis wazee miti michanga iliyofika kiunoni ni msambu, mnyasa, mtambara na wenzao wa Usambara, hapo msitu wa asili unajirudishia mahali pake, na mti mgeni utakapozeeka na kuanguka huenda warithi wake wakawa wenyeji. Mkikuta kila pengo jipya limejaa Maesopsis wachanga wanaokimbilia juu, basi kila mti mkubwa unaoanguka unaufungulia mlango. Wanasayansi wamebishana juu ya mwelekeo huu tangu miaka ya 1980. Mimi naamini jibu halitakuwa moja kwa mlima mzima, maana linategemea ukubwa wa mapengo, kiasi cha udongo ulioharibiwa na mitambo, na umbali kutoka kwenye miti ya asili inayozaa. Ndiyo maana takwimu za shule, zikikusanywa mahali palepale mwaka baada ya mwaka, zina thamani ya kweli.

Hapo ndipo ninapofika kwenye namna ya kupima. Wanafunzi wahesabu miti michanga kwa aina na kwa vimo vitatu: iliyo chini ya goti, iliyo kati ya goti na kiuno, na iliyopita kiuno lakini shina lake halijafikia unene wa mkono. Aina yenye mamia ya maotea chini ya goti na isiyo na hata mmoja kiunoni haifanikiwi, hata kama inaonekana kuzaa vizuri. Aina yenye wachache katika kila kimo inaendelea na maisha yake ya kawaida, kwa kuwa miti ya kivuli husubiri kwa miaka mingi ikiwa midogo hadi pengo lifunguke juu yake. Kisha kuna aina ambayo ina wazee wakubwa juu na haina chochote chini. Hiyo ndiyo ya kuandika kwa wino mzito, na swali la kufuatia ni nani aliyekuwa akiisambaza. Kwa msambu, kwa mfano, mbegu zake kubwa huchukuliwa na panya buku, ambao huzifukia ardhini na kusahau baadhi yake, na vilevile wanakijiji huziokota kwa ajili ya mafuta. Tena msambu una miti ya kiume na ya kike iliyo mbalimbali, hivyo mti unaokosa matunda si lazima uwe mgonjwa.

Chagueni viwanja vitatu au vinne, visizidi hapo, kwa sababu shule huanza na vingi na kuviacha vyote. Kimoja kiwe ndani ya msitu uliofunga, kimoja kando ya shamba la chai, na kimoja mahali palipolimwa iliki zamani. Kiwanja cha mita 10 kwa 10 kinatosha kwa darasa, na ndani yake mweke vijiviwanja vidogo vya mita 2 kwa 2 kwa ajili ya maotea ya chini ya goti, kwani kuyahesabu yote katika kiwanja kizima kutawachosha wanafunzi na kuwafanya wabahatishe. Kiwe hatua kadhaa kutoka kwenye njia, kwa kuwa kandokando ya njia huota mimea ya mwangani na ardhi hukanyagwa. Msipige rangi wala msipigilie misumari kwenye miti. Tumieni jiwe kubwa au mti usiosahaulika, mwandike umbali na uelekeo wa dira kutoka hapo hadi kila kona, kwa sababu GPS ya simu chini ya miti iliyofunga huweza kukosea kwa mita 10 au zaidi, na kiwanja kilichohama mita 10 ni kiwanja kingine.

Kwa miti mikubwa pimeni mzingo wa shina katika kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, na pale mizizi mipana iliyosimama kama mbao inapopanda juu zaidi ya hapo, pimeni juu ya mahali inapoishia na mkiandike kimo hicho. Futi ya fundi cherehani inafaa kabisa, na mkigawanya mzingo kwa 3.14 mnapata kipenyo. Msiwapime wakubwa kila mwaka. Mti wa msitu wa kivuli unaweza kunenepa kwa milimita chache tu katika mwaka mzima, na kosa la mkono wa mwanafunzi ni kubwa kuliko hapo, kwa hiyo kila miaka mitano inatosha. Maotea yapimwe kila mwaka, katika mwezi uleule. Pigeni pia picha kutoka kwenye sehemu ileile ya kusimama, simu ikiwa katika kimo kilekile na uelekeo uleule: moja mbele, moja juu kuelekea vilele, na moja chini ya miguu. Picha ya chini ndiyo itakayowafaa zaidi baadaye, ingawa siku ya kuipiga itaonekana ya kipuuzi.

Nimetaja iliki, na inastahili maelezo yake. Mkulima wa iliki huhitaji kivuli, kwa hiyo huacha miti mikubwa ikisimama na kufyeka kila kilicho chini yake. Kwa miaka kadhaa shamba huzaa vizuri, kisha mavuno hupungua, na mkulima huhamia kwingine au hubadilisha shamba liwe la mazao yanayotaka mwanga. Katika kipindi chote cha iliki, mtu anayeutazama mlima kutoka barabarani, au anayetazama picha za setilaiti, huona msitu umefunga. Picha za setilaiti za Landsat zipo tangu mwaka 1972 na hutolewa bure tangu 2008, nami ningependa wanafunzi wajifunze kuzitumia kwa kuona mipaka ya msitu na chai, lakini zinaona vilele tu. Hazioni kwamba chini ya vilele hivyo hakuna mti mchanga hata mmoja, na ni vigumu kwao kutofautisha Maesopsis na mnyasa. Suala la iliki lilikuwa kiini cha mgogoro mrefu wa Derema, ushoroba unaouunganisha msitu wa Amani na misitu ya kaskazini yake, ambako wakulima walilipwa fidia ili waache mashamba yao na eneo lihifadhiwe. Naliandika hili kwa kuwaheshimu wakulima hao, ambao iliki ilikuwa ada ya shule na dawa ya hospitali kwao, na nawasihi wanafunzi wako, ambao baadhi yao bila shaka ni watoto wa wakulima wa iliki, wasiandike habari za shamba lililoachwa kana kwamba ni habari za uhalifu. Waandike kinachoota. Katika mashamba yaliyoachwa mtakuta iliki yenyewe ikiendelea kusongamana, mtakuta mvuti, na mtakuta Clidemia hirta, kichaka kigeni chenye majani yenye manyoya na matunda madogo ya buluu iliyokoza. Kama miti michanga ya asili inapenya katikati ya hivyo vyote, ni habari njema ya kuandikwa kwa urefu.

Mapengo nayo yana maelezo yake. Mti ulioangushwa na upepo au uzee huacha mizizi iliyong'olewa pamoja na udongo wake, au shina lililovunjika kwa vipande virefu visivyo sawa, wakati mti uliokatwa huacha kisiki chenye uso bapa. Kisiki kilichofunikwa na kuvu na ukoga wa kijani ni cha zamani, na kilicho na unga wa mbao pembeni ni cha majuzi. Mtakuta pia mashimo marefu ya wapasuaji mbao, yaliyochimbwa kwenye mteremko, ambayo mengine ni ya miongo mingi na bado umbo lake limebaki. Kisiki kipya msikichunguze zaidi ya kukiona na kumweleza mwongozaji, kwa sababu aliyekikata anaweza asiwe mbali, na usalama wa watoto ni mkubwa kuliko takwimu.

Kuhusu hali ya hewa nitasema machache. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua hazikomi kabisa hata nje ya masika na vuli, kwa hiyo msitu huonekana wa kijani wakati wote. Mvule hupukutisha majani kwa muda mfupi wakati wa kiangazi, na mwanafunzi asiyejua ataandika kwamba umekufa. Mabadiliko ya mvua na joto hayasomwi kwa kutembea siku moja. Yanasomwa katika vitabu vya vipimo, na Amani imebahatika kuwa na kumbukumbu za mvua tangu enzi za Wajerumani.

Wazee wanaposema kwamba ukungu wa zamani ulikuwa mzito zaidi au kwamba mto fulani haukuwahi kukauka, waandikeni kwa makini, jina la mto, msimu, na umri wa msemaji wakati ule, kisha mtafute kipimo cha kulinganisha. Nasisitiza kuwaandika kwa sababu kila kizazi huuchukua msitu kilioukuta utotoni kuwa ndio kipimo cha msitu kamili, na wanafunzi wako wataichukua Amani ya leo kuwa ndiyo Amani ya siku zote. Kwa wazee, maswali mazuri ni yale yanayohusu kitu mahususi. Ukimuuliza mtu kama msitu umepungua atakujibu ndiyo. Ukimuuliza walikuwa wakikata wapi miti ya kuchongea vinu, na sasa wanaipata wapi, atakupa majibu unayoweza kuyafuata kwa miguu. Majina ya Kisambaa ya miti yaandikeni kama yanavyotamkwa, pamoja na picha ya jani, gome na tunda, kwani jina moja huweza kutumika kwa aina mbili katika vijiji viwili.

Mambo ya kibali yasikwamishe kazi, lakini lazima yafanywe. Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na ziara ya wanafunzi huombwa kwa mhifadhi wa Amani. Mwelezeni mapema kwamba mnataka kurudi mahali palepale kila mwaka na kuhesabu bila kuchukua mmea wala mnyama yeyote, naye atawaambia kama mpango wenu unahitaji kibali cha ziada. Msikusanye majani, mbegu wala vinyonga. Mkitumia programu ya simu kama iNaturalist kutunza picha zenu, ficheni mahali halisi pa mimea na wanyama wanaowindwa na wafanyabiashara. Maua ya Saintpaulia, ambayo jamii zake hupamba madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, huota kwa asili kwenye miamba yenye kivuli ya milima hii na mingine michache ya Tanzania na Kenya, na jamii moja ndogo ya maua hayo inaweza kumalizwa na mtu mmoja kwa siku moja akishajua ilipo.

Ziara mbili za kwanza hazitawapa jibu. Katika mwaka wa kwanza mtakuwa mmepata picha ya hali ilivyo, na katika wa pili mtajua makosa yenu ya kuhesabu, jambo ambalo mnaweza kulipima kwa kuwafanya makundi mawili yahesabu kiwanja kimoja bila kuonyeshana. Kuanzia mwaka wa nne au wa tano, tofauti ya idadi katika kimo cha kiunoni itaanza kuwa na maana. Kwa kuwa walimu huhamishwa na wanafunzi huhitimu, daftari liandikwe kwa namna ambayo mtu asiyewahi kufika ataweza kuzipata kona za viwanja vyenu kwa kusoma tu. Nakala moja ibaki maktaba ya shule na nyingine ipelekwe ofisi ya hifadhi kila mwaka mara mnaporudi, ikiwa na tarehe, majina ya aina, vimo, na jina la mwongozaji aliyewasaidia kuzitambua.